Evyatar: Kilima Kilichohalalishwa Kinyumenyume

Kusini mwa Nablus, katika Ukingo wa Magharibi, yako makutano ya barabara ambayo Waisraeli huyaita Tapuach na Wapalestina huyaita Za'atara. Karibu nayo kuna kilima ambacho wakulima wa Beita, Yatma na Qabalan wanakijua kwa jina la Jabal Sabih, na ambacho miteremko yake imepandwa mizeituni. Mwanzoni mwa Mei 2021, baada ya mwanafunzi wa chuo cha dini cha Kiyahudi kupigwa risasi na kuuawa kwenye makutano hayo, kundi la walowezi lilipanda kilimani na kuanza kujenga. Wiki chache baadaye kulikuwa na familia zipatazo 50, nyumba za kuhamishika zilizopangwa kwa mistari, na njia zilizowekwa lami. Kitongoji kikaitwa Evyatar, kwa kumbukumbu ya Evyatar Borovsky, mlowezi aliyeuawa mahali hapo hapo tarehe 30 Aprili 2013. Waliokianzisha walikuwa wamekwisha kujaribu mwaka huo wa 2013, na tena baadaye, na kila mara jeshi lilibomoa.

Tukiacha pembeni kwa muda sheria ya kimataifa, ambayo nitaifikia, kitongoji hicho hakikuwa halali hata kwa sheria inayotumiwa na Israel yenyewe. Ripoti ambayo mwanasheria Talia Sasson aliandaa mwaka 2005 kwa agizo la Waziri Mkuu Ariel Sharon ilieleza masharti hayo kwa lugha isiyo na utata: makazi mapya katika Ukingo wa Magharibi yanahitaji uamuzi wa serikali, ardhi ambayo hadhi yake imethibitishwa, ramani ya mipango iliyoidhinishwa, na mipaka iliyowekwa kwa amri ya kamanda wa jeshi wa eneo hilo. Evyatar haikuwa na hata kimoja kati ya hivyo vinne. Mapema Juni 2021 kamanda wa jeshi alitoa amri ya kusimamisha ujenzi na kuwataka wakazi waondoke. Hata hivyo, miaka mitatu baadaye, mwishoni mwa Juni 2024, baraza la mawaziri la usalama liliidhinisha kitongoji kile kile, kwenye kilima kile kile, pamoja na vingine vinne: Givat Assaf, Sde Efraim, Heletz na Adorayim.

Jibu linalokuja haraka ni kwamba siasa za Israel ziligeuka. Ni kweli kwamba serikali ya Benjamin Netanyahu iliyoapishwa Desemba 2022 ilimpa Bezalel Smotrich, ambaye ni mlowezi mwenyewe, mamlaka makubwa juu ya masuala ya kiraia ya Ukingo wa Magharibi, na kwamba Aprili 2023 mawaziri wa serikali hiyo waliandamana pamoja na maelfu ya wafuasi wao hadi kilimani, wakilindwa na jeshi. Jibu hilo lakini linapita juu juu, kwa sababu hatua iliyofungua mlango haikupigwa na serikali hiyo. Ilipigwa na serikali ya Naftali Bennett, ambayo ndani yake walikuwamo mawaziri wa vyama vya mrengo wa kushoto na ambayo ilitegemea kura za chama cha Kiarabu. Anayetaka kuelewa jinsi kitongoji kisicho na kibali kinavyopata hadhi ya kisheria anapaswa kuisoma kwa makini zaidi ile hatua ya mwanzo, wala si ule ushangiliaji wa mwisho.

Makubaliano kati ya serikali hiyo na walowezi, yaliyofikiwa mwishoni mwa Juni 2021, yalikuwa hivi. Walowezi wangeondoka kwa hiari ifikapo Ijumaa tarehe 2 Julai. Nyumba zao zisingebomolewa. Jeshi lingeweka kikosi chake kilimani. Wakati huo huo wapima ardhi wa Utawala wa Kiraia, ambao licha ya jina lake ni chombo cha jeshi, wangechunguza hadhi ya ardhi, na endapo sehemu yake ingeonekana kuwa ardhi ya serikali, hapo kingejengwa chuo cha dini na baadaye makazi. Magazeti mengi ya nje yaliripoti habari hiyo kama uhamishaji wa walowezi. Kwa upande wa watu ndiyo, maana waliondoka kweli. Kwa upande wa ardhi hakuna kilichohamishwa: mkulima wa Beita aliyekuwa haruhusiwi kufika kwenye mizeituni yake kwa sababu ya walowezi, sasa hakuruhusiwa kwa sababu ya askari, na zile nyumba tupu zilibaki zikisubiri majibu ya wapimaji. Upimaji ulikamilika baada ya miezi michache ukisema kwamba takriban dunamu 60, yaani ekari 15 hivi, zinaweza kutangazwa kuwa ardhi ya serikali. Mwanzoni mwa Februari 2022, akiwa anamaliza muda wake, Mwanasheria Mkuu Avichai Mandelblit aliridhia hatua zinazofuata. Vigezo vya sheria, kwa hiyo, havikuwahi kuvunjwa waziwazi. Vilitimizwa kimoja baada ya kingine, ila kwa mpangilio wa kutoka nyuma kwenda mbele, nyumba zikiwa zimetangulia na ruhusa ikizifuata.

Sasa, wapimaji walikuwa wakitafuta nini? Hapa ndipo penye uzito wa jambo hili, na ndipo wasomaji wengi huchoka mapema, kwa sababu tunaingia katika sheria ya ardhi ya Dola ya Uthmaniya ya mwaka 1858. Sheria hiyo bado ndiyo msingi wa umiliki katika Ukingo wa Magharibi, ikiwa imerithiwa na Waingereza, kisha Wajordan, kisha jeshi la Israel. Inatambua aina ya ardhi iitwayo miri, ambayo umiliki wake wa juu ni wa dola lakini haki ya kuitumia ni ya mwenye kuilima. Aliyelima shamba la miri kwa miaka kumi mfululizo bila kupingwa anapata haki juu yake. Aliyeliacha bila kulima kwa miaka mitatu mfululizo bila sababu inayokubalika anaweza kuipoteza. Kwa dola iliyotegemea ushuru wa mazao, kanuni hiyo ilikuwa na maana yake: sultani alitaka mashamba yalimwe ili akusanye kodi. Haikutungwa kwa ajili ya kuwapa watu wa taifa jingine ardhi ya wenyeji.

Matumizi yake ya sasa yana tarehe ya kuzaliwa. Hadi mwaka 1979 Israel ilikuwa ikitwaa ardhi za watu binafsi kwa ajili ya makazi ya walowezi kwa hoja ya mahitaji ya kijeshi. Oktoba mwaka huo, katika kesi iliyofunguliwa na wenye mashamba wa kijiji cha Rujeib, ambacho hakiko mbali na Beita, Mahakama Kuu ya Israel iliamua kwamba makazi ya Elon Moreh yalianzishwa kwa sababu za kisiasa na si za kijeshi, na ikaamuru yaondolewe kwenye mashamba hayo. Ulikuwa ushindi wa kweli kwa wanakijiji wale. Serikali iliitii hukumu, ikayahamishia makazi kwenye kilima kingine, na ikabadilisha njia: tangu hapo isingetwaa ardhi ya mtu, bali ingetangaza kwamba ardhi hiyo haikuwa ya mtu. Kazi ya kuzitafuta ardhi za namna hiyo ilisimamiwa kwa miaka mingi na Plia Albeck wa ofisi ya mwanasheria wa serikali, aliyezizungukia nyanda za juu za Ukingo wa Magharibi, mara nyingine kwa helikopta, akiangalia ni wapi palipolimwa na ni wapi pasipolimwa.

Tuiangalie picha ya angani kama mpima ardhi anavyoiangalia. Milima ya Nablus ni ya mawe. Mkulima hupanda mzeituni penye udongo, huuruka mwamba, hupanda mwingine hatua kadhaa mbele, na kati yake huchungia mbuzi. Kwake yeye hilo ni shamba moja, lenye mipaka ambayo babu yake aliionyesha kwa mkono. Kwa Utawala wa Kiraia ni vipande vingi, ambavyo uwiano wa sehemu iliyolimwa na ya mwamba hupimwa kwenye picha za miaka iliyopita, na kipande ambacho sehemu yake kubwa haionekani kulimwa kinaweza kuhesabiwa kuwa cha serikali. Ndiyo maana ramani za ardhi ya serikali katika eneo hili zina maumbo ya ajabu, yenye pembe na mikia, zikipita kati ya mti na mti. Mwenye shamba ana siku 45 za kukata rufaa, na rufaa hiyo husikilizwa na kamati iliyo chini ya jeshi lile lile lililotoa tangazo, huku mzigo wa kuthibitisha ukiwa juu yake.

Msomaji wa Kilifi au Kwale hatahitaji kuelezwa zaidi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliyotumika katika mwambao wa Kenya iliwataka watu wajitokeze kudai mashamba yao kwa utaratibu ambao wengi wa Wamijikenda hawakuweza kuufuata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Mfalme wa Uingereza. Wajukuu zao bado wanaitwa maskwota kwenye mashamba yenye makaburi ya wazee wao. Waingereza hao hao walitunga mwaka 1921, kwa ajili ya Palestina, sheria ya kuwazuia watu kujipatia haki kwa kulima ardhi iliyohesabiwa kuwa mfu, yaani isiyolimwa na iliyo mbali na vijiji. Sisemi kwamba kesi hizi mbili ni moja, kwa kuwa Kenya leo wanaodai na wanaodaiwa ni raia wa nchi moja wenye kura sawa, na mkulima wa Beita hana kura katika bunge linaloamua mambo yake. Ninachosema ni kwamba mbinu ya kugeuza ukosefu wa karatasi kuwa ukosefu wa haki haikubuniwa Jabal Sabih.

Kipo kigezo cha kulima, halafu ipo hali halisi ya nani anaruhusiwa kulima. Hapo ndipo mantiki nzima, kwa maoni yangu, inapoanguka. Kigezo hicho kinadhani kwamba asiyelima ameacha kwa hiari yake. Katika Ukingo wa Magharibi mashamba yaliyo karibu na makazi ya walowezi na kambi za jeshi hufungwa kwa amri za kijeshi, na mengi kati yake hufikiwa kwa uratibu na jeshi kwa siku chache tu za mwaka, hasa msimu wa kuvuna zeituni mwezi Oktoba na Novemba. Chombo kinachozuia mtu kufika shambani ndicho chombo kinachokuja baadaye kupima kama shamba limelimwa. Mahakama yoyote ya kawaida ingemkataa shahidi mwenye maslahi ya namna hiyo, ilhali hapa shahidi ndiye pia mpimaji na ndiye pia hakimu wa rufaa.

Wanaotetea uhalalishaji huuliza swali zuri: kama utaratibu umepindwa kiasi hicho, mbona vitongoji vingine vilibomolewa? Jibu linasaidia kuuona mpaka wa jambo hili. Migron, kaskazini mwa Jerusalem, kilikuwa kitongoji kikubwa na chenye marafiki serikalini, na kilibomolewa Septemba 2012 baada ya Mahakama Kuu kukataa kuahirisha zaidi. Amona kiliondolewa Februari 2017. Vyote viwili vilikuwa juu ya ardhi ambayo wenyewe Wapalestina waliweza kuthibitisha mahakamani kuwa ni yao kwa hati zilizosajiliwa. Siku chache baada ya Amona, bunge la Israel lilipitisha sheria ya kuruhusu serikali kutwaa ardhi binafsi zilizokwisha kujengwa na walowezi, na Juni 2020 Mahakama Kuu iliifuta sheria hiyo kwa majaji wanane dhidi ya mmoja. Nawapa majaji hao haki yao. Lakini angalia ni nani aliyelindwa: mwenye hati. Usajili rasmi wa ardhi ulioanzishwa na Waingereza na kuendelezwa na Jordan ulikuwa umekamilika kwa takriban theluthi moja tu ya Ukingo wa Magharibi wakati Israel ilipoliteka eneo hilo mwaka 1967, na mwaka 1968 jeshi likausimamisha kwa amri namba 291. Kwa theluthi mbili zilizobaki, mkulima ana kumbukumbu, ana mashahidi, na pengine ana stakabadhi za kodi. Mahakama hiyo hiyo iliyoibomoa Migron haina cha kumpa.

Hata tukikubali, kwa ajili ya mjadala, kwamba dunamu zile 60 ni ardhi ya serikali kikamilifu, bado haijafuata kwamba zinaweza kujengwa makazi ya walowezi. Kanuni za The Hague za mwaka 1907, ambazo Mahakama Kuu ya Israel imekuwa ikizitumia kwa miongo, zinasema katika kifungu cha 55 kwamba dola inayolikalia eneo kijeshi ni msimamizi tu wa mali za umma zilizomo. Inatumia matunda yake, haiwi mwenye mali. Ardhi ya serikali iliyo Beita ni ya umma wa Beita na wenzao. Mwaka 2018, baada ya mashirika mawili ya Israel kudai taarifa kwa mujibu wa sheria ya uhuru wa habari, Utawala wa Kiraia ulitoa takwimu za ardhi za serikali zilizogawiwa katika Ukingo wa Magharibi tangu 1967: asilimia 99.76 zilikwenda kwa matumizi ya makazi ya Waisraeli, na asilimia 0.24 kwa Wapalestina. Sijui msimamizi wa mirathi katika nchi yoyote ambaye angewasilisha hesabu za namna hiyo mbele ya warithi akabaki na kazi.

Hoja ya usalama haipaswi kudharauliwa, maana damu iliyomwagika kwenye makutano ya Tapuach ni damu, na familia zilizopoteza vijana wao hazihitaji mtu wa mbali kuzifundisha hofu. Ila usalama unaotafutwa kwa kuweka familia zenye watoto juu ya kilima kinachozungukwa na vijiji vinavyodai kilima hicho ni usalama wa aina ya ajabu, na Elon Moreh ilikwisha kuonyesha mwaka 1979 kwamba majenerali wenyewe hawakubaliani juu yake. Kilichotokea Jabal Sabih ni kinyume. Tangu 2021 wakazi wa Beita wameandamana dhidi ya kitongoji hicho, mchana na usiku, kwa matairi yanayowaka na miale ya leza, na wengine kwa kurusha mawe. Jeshi limejibu kwa mabomu ya machozi na risasi, na Wapalestina kadhaa wameuawa. Septemba 2024 aliuawa hapo raia wa Marekani mwenye asili ya Uturuki, mwanamke kijana aliyekuja kuunga mkono maandamano; jeshi lilisema kuna uwezekano mkubwa kwamba alipigwa na risasi ya askari wake bila kukusudiwa.

Katika sheria ya kimataifa swali ni fupi zaidi. Kifungu cha 49 cha Mkataba wa Nne wa Geneva wa 1949 kinakataza dola inayolikalia eneo kuhamishia humo sehemu ya raia wake. Theodor Meron, aliyekuwa mshauri wa sheria wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Israel, aliiandikia serikali yake hivyo Septemba 1967, kabla makazi hayajaenea. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilisema hivyo katika azimio namba 2334 la Desemba 2016, na Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema hivyo mwaka 2004 na tena tarehe 19 Julai 2024, wiki chache baada ya Evyatar kuidhinishwa. Upande wa pili una hoja yake, iliyoandikwa kwa ufasaha na kamati ya Jaji Edmund Levy mwaka 2012, kwamba Jordan haikuwa na mamlaka halali juu ya eneo hilo na hivyo Israel hailikalii eneo la dola nyingine. Ni hoja yenye kasoro moja kubwa: mkataba wa Geneva unawalinda watu walioko chini ya jeshi la kigeni, na watu hao hawapotei kwa sababu mfalme wa jana hakuwa na hati nzuri.

Kwa mtazamo huo, tofauti kati ya makazi yenye kibali na yasiyo na kibali haipo kabisa. Wanasheria wengi huishia hapo, nami naona wanaishia mapema mno. Tofauti hiyo ina kazi. Inaiwezesha serikali kumwambia mgeni kutoka Washington kwamba vile vitongoji si vyake, kama ilivyofanya mwaka 2003 ilipoukubali mpango wa amani uliotaka viondolewe vyote vilivyojengwa baada ya Machi 2001, huku wizara zake, kwa mujibu wa ripoti ya Sasson, zikivipelekea fedha, maji na umeme. Kisha, wakati ukifika, inaiwezesha kutoa uhalalishaji kama zawadi au kama adhabu. Evyatar na wenzake wanne waliidhinishwa mwaka 2024 kwa maelezo ya wazi kabisa ya Smotrich: kitongoji kimoja kwa kila nchi iliyolitambua taifa la Palestina, zikiwamo Hispania, Ireland na Norwei. Swali la nani alilima nini juu ya mwamba upi, lililochukua miezi ya upimaji, liliishia kuwa jibu la kidiplomasia kwa Madrid na Oslo.

Jambo la kufuatilia sasa haliko tena kilimani. Mei 2025 baraza la mawaziri la usalama liliamua kuanzisha upya ule usajili wa ardhi uliosimamishwa mwaka 1968, safari hii ukiendeshwa na Israel katika Eneo C, yaani sehemu iliyo chini ya udhibiti kamili wa Israel, ambayo ni zaidi ya nusu ya Ukingo wa Magharibi. Tangazo la ardhi ya serikali, kwa ubaya wake wote, linaweza kupingwa na hata kurekebishwa baadaye. Usajili hutoa hati ya mwisho, na asiyejitokeza kwa wakati hupoteza. Mdai atatakiwa kufika mbele ya maofisa wa dola anayoamini kwamba haina mamlaka juu yake, akiwa na ramani ambayo hana fedha za kumlipa mpimaji aichore, pengine akiwa na ndugu walioko Amman au Kuwait ambao ni wamiliki wenza na hawaruhusiwi kuingia. Mikononi atakuwa na stakabadhi za kodi za enzi za Jordan zenye jina la babu, na Utawala wa Kiraia umekuwa ukisema siku zote kwamba kodi pekee si uthibitisho wa umiliki.